Nani Alimimina Soda ya Ochola?

"Toa mkono kwenye kitenge changu, Mama Travis!"

"Sitoi! Umemuua mume wangu, na leo utasema ulimtilia nini!"

Wewe uliyekaa wiki nzima tangu sehemu iliyopita ukimuwaza Ochola chali kwenye nyasi za ua wake, mdomo wazi, glasi mkononi: hajafa. Bado. Yuko nyuma ya mlango wa bluu katika zahanati moja ya Kasubi, ametundikiwa dripu. Nje ya mlango huo wanawake wawili wanataka kuraruana.

Anayevuta kitenge ni Loice, mke wa Ochola. Ni Mkenya, mwenye duka la mabomba na misumari kule Nakivubo, na hajazoea kuambiwa atoe mkono.

Anayevutwa ni Monique, mjane wa kutoka Bukavu. Ana kibanda cha chuma kando ya barabara, na kibanda hicho kimesimama kwenye kiwanja cha Loice. Kinauza vitu ambavyo watu wenye vitambi na watu wenye sukari walidhani wameshaagana navyo, yaani vitafunio na kokteli. Mishikaki ya mbuzi bila chipsi. Senene wa kukaanga. Dagaa wakavu wa pilipili. Yai la kuchemsha lililojazwa parachichi. Na glasi ndefu ya waragi, ile pombe kali ya Uganda, yenye limau, minti na barafu, bila punje ya sukari.

Kampala, sahani isiyo na matoke si chakula, ni mchuzi tu. Monique aliuza mchuzi tu, na watu wakapanga foleni.

Ochola ndiye aliyekuwa mbele ya foleni. Miezi saba, kilo kumi na tisa. Leo mchana alifanya sherehe ya kuzaliwa ili watu waone mkanda wake ulivyoongezwa matundu. Kwenye glasi ya nne akaanguka.

"Senene wako walikuwa na nini?" Loice akauliza.

"Chumvi na kitunguu."

"Na mishikaki?"

"Mbuzi! Mishikaki ina mbuzi! Unataka nikuletee kwato?"

"Ati mlo wa kupunguza mwili. Mlo gani una waragi ndani yake?"

"Waragi haina wanga. Mubaya ni ile munachanganya nayo."

"Usinifundishe! Mume wangu alikuwa mzima mpaka alipokujua wewe!"

"Mzima? Alikuwa hafungi viatu mwenyewe! Alikuwa anapumua kama trela ya mawe!"

Mlango wa bluu ukafunguka. Akatoka Akidi, muuguzi, mwanamke mrefu asiyecheka kazini.

"Nani kati yenu anamlisha huyu mzee?"

"Huyu!" Loice akasema.

"Huyu," Monique akasema, saa ileile.

"Mashine imesoma sukari thelathini na moja. Mimi na wewe tukipima sasa hivi, tutakuwa tano, sita. Na hii si sukari ya leo. Hii imejengwa siku nyingi. Amekuwa akinywa maji kupita kiasi? Anaamka usiku kukojoa?"

Loice akatazama ukuta. "Kila mtu hukojoa."

"Mara ngapi?"

"Mimi silali nikihesabu!"

"Basi mtaanza kuhesabu. Nataka kujua alichokula na alichokunywa wiki tatu hizi. Na pombe mnampa mgonjwa wa sukari kama uji! Mungu awasamehe nyote wawili, mimi sijawasamehe."

Monique akawa ameshika neno moja tu. "Wiki tatu?"

"Wiki tatu, labda mwezi."

Monique akamgeukia Loice polepole. "Wiki tatu hajakanyaga kwangu. Hata kwa kusalimia. Leo nilileta vitafunio vya sherehe kwa sababu wewe uliniita. Glasi sikushika. Alikuwa anakunywa wapi wiki tatu, Mama Travis?"

Loice akakiachia kitenge.

Angekuwa mtu mwingine, ungesema ameshindwa. Loice alikuwa anatafuta simu, aone polisi amefika wapi. Alikuwa ameshamwita zamani, na polisi huyo sasa alikuwa anapanda ngazi, kofia kwapani, daftari mkononi. Jina lake Odur. Kiswahili chake ni kile cha kambini, hakina haraka na hakina adabu nyingi.

"Hapana piga kelele, hii ni hospitali. Nani ametia mzee sumu?"

"Afande, ni huyu Mkongomani. Mshike. Na kibanda chake kiko kwenye kiwanja changu, kinatoka leo. Nimeshatuma vijana sita na nyundo. Wananingoja niseme neno moja."

Hapo Monique akajua jambo halikuwa kelele tu. Kile kibanda ndicho kilichomtoa kwenye chumba walicholala watu saba. Ndicho kilichompa jina. Alitoa simu yake chini ya kitenge, akamwandikia kaka yake mdogo Barnabé, mchomeleaji wa Katwe aliyekiunda kibanda hicho kwa mkono wake: *Nenda kibandani haraka.*

"Weka simu, mama," Odur akasema. "Wewe ulimpa mzee kinywaji gani?"

"Hakuna."

"Mwongo!" Loice akafoka. "Watu arobaini wamemsikia mume wangu akisema, hivi ni vinywaji vya Monique!"

"Alisema, ndiyo. Lakini nani alikuwa anamimina?"

Swali hilo lingejibiwa kwa matusi, kama asingeingia Safinah. Safinah ni mwenye duka la mkabala na nyumba ya Ochola, mama mnene mwenye huruma, na huruma yake imeshavunja nyumba mbili kabla ya hii.

"Maama! Habali ya mgonjwa? Nimekuja mbio. Pole sana, Mama Travis. Na zile chupa za soda usizifikilie, nitatuma mtu kesho achukue. Kreti tatu si kitu. Kweri, kwanza mgonjwa."

Odur akafungua daftari.

"Kreti tatu?" Odur akauliza.

"Kila wiki kreti moja. Ile nyeupe ya limau. Amekuwa mteja wangu mzuri!"

"Nani anakunywa soda kwenye nyumba ya mtu wa sukari?" Akidi akauliza, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko zote.

"Wageni," Loice akasema.

"Wageni gani?" Safinah akashangaa. "Si uliniambia ni ya kuchanganyia mzee ile dawa yake ya jioni?"

Nimesema huruma yake huvunja nyumba. Monique akacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha.

"Ni wewe! Ni wewe ndiye uliyemuangusha, na umenikamata shingo mbele ya watu!"

Mtu mwingine angelia. Loice alifungua mkoba wake, akatoa kipande cha boksi kilichokunjwa mara nne, akakikunjua mbele ya pua ya Odur.

"Soma, afande! Soma kwa sauti! Huo ni mwandiko wa nani?"

Odur akasoma kama anayeita majina ya mahabusu. "Waragi kidogo. Limau nzima. Majani ya minti. Barafu. Soda, jaza glasi. Sucré hapana."

"Mwandiko wa nani?" Loice akarudia.

"Wangu," Monique akasema.

Na kweli ulikuwa wake. Wiki tatu zilizopita Loice alikwenda kibandani, mpole kama bibi harusi, akaomba aandikiwe namna ya kuchanganya ile glasi. Alikuwa amechoka na mume anayerudi saa mbili usiku akinukia minti ya mwanamke mwingine. Alitaka mumewe anywee nyumbani. Monique aliona ni heshima, akamwandikia.

"Soda, jaza glasi!" Loice akagonga boksi kwa kidole mbele ya Odur. "Mimi nikajaza! Sucré hapana, yaani sukari hapana. Sikutia hata kijiko! Nimefuata kama alivyoandika!"

"Soda ni maji!" Monique akapiga kelele. "Maji ya gesi! Haina rangi, haina utamu, haina kitu! Ile tamu si soda, ile ni sucré! Ndiyo nikaandika sucré hapana!"

"Kwa lugha ya nani?"

"Kwetu Bukavu, mutoto mudogo anajua! Ukisema leta sucré, analeta ile tamu ya chupa!"

"Hapa si Bukavu! Hapa soda ni soda!"

"Afande, sema wewe!"

Odur akakuna kidevu. "Mama, mimi nikisema lete soda, wanaleta nyeusi, ama nyekundu, ama ile ya limau. Hakuna mtu ameniletea maji."

"Muuguzi?" Monique akamgeukia Akidi.

Akidi akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza alionekana kumwonea Monique huruma. "Hapa, ukitaka ile ya maji, lazima useme ni ya maji."

Hivyo ndivyo meza ilivyopinduka. Dakika moja Loice alikuwa mshtakiwa. Dakika iliyofuata Odur alikuwa ameketi kwenye benchi, daftari juu ya goti, akiandika: *Mimi Monique nakubali kwamba niliandika maelezo mabaya, na kwa maelezo hayo mgonjwa amedhurika.*

"Unatia sahihi hapa. Halafu tunakwenda kituoni kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

"Kidogo."

Loice akamvuta Monique pembeni, karibu na ndoo ya maji ya kunawa. Safari hii hakumshika kitenge. Alimshika mkono, na sauti yake ilishuka.

"Sikiliza. Wifi yangu Aoko ametoka Kisumu alfajiri aje kwenye sherehe, akachelewa njiani. Ameshapita Jinja, saa yoyote anaingia. Unamjua Aoko? Tangu harusi ananitafutia kosa. Akisikia ni mimi niliyemimina, ukoo mzima utasema nimemuua ndugu yao nikae na duka. Tia sahihi. Kituoni nitakuja kukutoa mwenyewe kesho. Na kibanda nitakiacha."

"Na nisipotia?"

"Nasema neno moja kwenye simu."

Monique akaangalia lile daftari. Akitia sahihi, atabaki na kibanda. Lakini nani atakula yai la mpishi aliyekiri kwa mkono wake kwamba alimlisha mgonjwa sukari? Watu wa Kasubi watapita mbele ya dirisha lake wakiziba pua. Asipotia, atabaki na jina safi, asijue pa kuliweka.

"Kosa langu lilikuwa neno," akasema. "Lako lilikuwa kuficha. Ungesema tangu tulipofika hapa umempa nini, muuguzi asingepoteza saa nzima."

"Sitaki mahubiri. Kalamu hiyo."

Monique akaipokea kalamu.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mlango wa bluu. Ilikuwa nzito na kavu, kama ya mtu anayeongea na pamba mdomoni.

"Muacheni. Nilijua."

Akidi alikuwa wa kwanza kuingia, wengine wakamfuata wakisukumana. Ochola alikuwa amefungua macho. Midomo yake ilikuwa imepasuka, lakini macho yalikuwa yake.

"Ulijua nini, baba Travis?" Loice akauliza.

"Kwamba ni soda. Glasi ya kwanza tu, nilijua."

"Ulijua?"

"Loice, nimekunywa ile ya Monique miezi saba. Ile inauma ulimi. Yako ilikuwa tamu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Ochola akafumba macho kidogo. "Ungeacha kunitengenezea."

Safinah akasema "Woo," akajiziba mdomo.

"Miezi saba ya matango," Ochola akaendelea. "Miezi saba nanusa mkate wa jirani. Halafu jioni moja mke wangu ananiletea glasi mwenyewe, ina barafu, ina jani juu, na ni tamu. Nilisema moja tu. Kesho yake nikasema moja tu."

Loice alisimama kama aliyemwagiwa maji. Sijui kama alitaka kumkumbatia mumewe au kumng'oa dripu. Monique hakuwa na shaka hiyo.

"Mzee Ochola, wewe ni mwizi!" akasema. "Mimi nilikuwa nakuhesabia mpaka karanga! Kumi na tano, si kumi na sita! Nilikukatalia muhogo ukilia kama mutoto! Na wiki hizi tatu ulikuwa unakaa nyumbani kunywa sucré, na ulikuwa unaita jina langu mbele ya wageni!"

"Nisamehe, Monique."

"Hapana. Ukipona, utafute mtu mwingine wa kudanganya."

"Huyo hajui anachosema!" Loice akamgeukia Odur. "Sukari imepanda kichwani! Afande, maneno ya mgonjwa si ushahidi. Monique, tia sahihi!"

"Sahihi ya nini?"

Sauti hiyo ilitoka mlangoni. Mwanamke wa miaka sitini, mfuko wa safari begani, vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Hakusalimia mtu. Alikuwa ameshasikia ya kutosha akiwa koridoni.

"Wifi Aoko, karibu..."

"Nani alimpa ndugu yangu soda?"

Ochola, shujaa wetu, akajifanya amelala.

Aoko akatazama uso mmoja mmoja, akafika kwa mwenye kalamu. "Wewe ndiye yule wa senene?"

"Ndiyo, mama."

"Ni wewe?"

Loice alikuwa amesimama nyuma ya Aoko. Aliinua simu juu ili Monique aione vizuri, kidole kikiwa kwenye kitufe.

Monique akalichukua daftari kutoka kwenye goti la Odur, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha wageni. Hakutia sahihi. Alipiga mstari juu ya maneno yote ya polisi, akaandika chini yake, na kalamu ilikwaruza karatasi kama panya:

*Niliandika soda, sikusema ni ya maji. Hilo ni langu. Loice alimimina soda tamu wiki tatu, akaficha. Ochola alijua, akanywa.*

Kisha akatia sahihi, jina lote mpaka la baba, akamkabidhi Aoko.

"Hiyo ni daftari ya serikali!" Odur akalalamika.

Aoko akasoma. Akasoma tena. Akakunja uso, akageuka nyuma.

"Loice."

Ni jina tu alilolitaja, lakini Loice alijua miaka ishirini ya ndoa imewekwa ndani yake. Akabonyeza simu. Akaiweka kwenye spika, ili Monique asipitwe na kitu.

"Haya," akasema. "Anzeni."

"Mama, kuna shida," ikajibu sauti ya mwanamume. "Kuna mtu ndani. Ni fundi wa Katwe, anasema mwenye kibanda ni dada yake. Amejifungia na mashine yake ya kuchomelea. Anasema tubomoe naye."

"Mtoeni! Vunjeni mlango, mtoeni!"

Monique akamrukia. Si kwa kucha. Alitaka simu, na akaipata. Loice akamvuta nywele. Aoko akaushika mkono wa Loice, akaubana pale pale ulipokuwa. Odur akasimama, akaketi, akasimama tena.

"Barnabé! Barnabé, unanisikia?"

Kelele za watu. Mtu akapiga bati. Kisha sauti kutoka mbali, kama iliyo ndani ya pipa. "Nakusikia, yaya!" Kwao Bukavu yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto.

"Wako wangapi?"

"Sita! Kuta haziwezi kitu, ni chuma cha milimita tatu, nilikata mwenyewe. Lakini mlango ni dhaifu. Bawaba zimechoka, dakika tano wataingia. Nifungue, yaya? Nitoke?"

Akidi akasema atoke, kuna watu wanaokufa kwa ugomvi mdogo kuliko huu. Safinah alikuwa analia. Loice, mkono bado umebanwa na wifi yake, alikuwa anatabasamu.

"Mwambie atoke," akasema. "Mwambie kaka yako atoke, Monique. Imekwisha."

Monique akamtazama. Akalitazama daftari mkononi mwa Aoko, wino haujakauka.

"Barnabé. Umeme upo?"

"Upo."

"Mashine imewaka?"

"Imewaka. Kwa nini?"

"Chomelea mulango. Kutokea ndani. Juu, chini, na katikati."

Sauti ya Barnabé ikashuka.

"Na mimi, yaya?"

"Na wewe."

Hakuuliza tena. Kutoka kwenye spika ukasikika mlio ule ambao Katwe nzima huamka nao, chuma kikiungana na chuma, ukitatarika mrefu bila kupumua. Na kabla moto wa mashine haujafika kona ya kwanza ya mlango, nyundo ya kwanza ikagonga.